Sanduku Lenye Tundu

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma: 2 Wafalme 12:4-15, Ezra 8:24-34, Marko 12:41-44, Matendo 6:1-7, 2 Wakorintho 8:16-21.

Mfalme Yoashi aliagiza fedha zinazoletwa hekaluni zitumike kutengeneza mahali palipobomoka. Makuhani wakazipokea, kila mmoja kutoka kwa watu aliowafahamu. Ulipofika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, nyufa zilikuwa palepale. Biblia haisemi kwamba makuhani waliiba. Huenda hakuna hata mmoja aliyeiba. Kila mmoja alishika fungu lake, kila mmoja alikuwa na mahitaji ya kila siku, na hakuna aliyejua jumla. Fedha za kanisa zinaweza kwisha bila mwizi kuingia.

Ndipo kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake na kuliweka kando ya madhabahu, upande wa kuume wa mtu anayeingia. Lilipojaa, watu wawili walikuja: mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Walizifunga fedha mifukoni na kuzihesabu pamoja. Mmoja alitoka ikulu na mwingine hekaluni. Hakuna aliyekuwa chini ya mwenzake.

Utaratibu wa namna hiyo unaweza kuonekana leo kwa majirani Walutheri wa Mkoa wa Pwani. Kisarawe ni miongoni mwa mahali pa zamani pa kazi yao katika nchi ya Wazaramo. Wamisionari Wajerumani walianzisha kituo hapo mwaka 1892, kisha Maneromango mwaka 1895. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, na tena vita vilipozuka mwaka 1939, kazi haikufa. Walimu na wazee wenyeji waliendelea kuwakusanya waumini, ingawa msaada wa ng’ambo ulikuwa umekatika. Mwaka 1963 Kanisa la Uzaramo-Uluguru lilikuwa mojawapo ya makanisa saba yaliyoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Leo sharika za Kisarawe na Kibaha ziko ndani ya Dayosisi ya Mashariki na Pwani.

Katika usharika wa Kilutheri mchungaji haongozi peke yake. Lipo baraza la wazee, ipo kamati ya fedha, yupo mtunza hazina. Ibada ikiisha, wazee huhesabu sadaka pamoja na kuandika kiasi, na mara nyingi Jumapili inayofuata kiasi hicho husomwa katika matangazo, mbele ya watu walewale waliotoa. Ahadi hutolewa katika bahasha zenye namba. Kisha nje kuna mnada: mkungu wa ndizi, kuku, fungu la muhogo. Yai moja linaweza kununuliwa, likarudishwa na mnunuzi kama sadaka, likanadiwa tena. Mwandishi wa mnada ana kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa maana yai ni moja lakini malipo ni matatu, na moja kati ya hayo bado ni ahadi ya mdomo.

Hali za sharika hazifanani. Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, wako wengi wanaopokea mshahara mwisho wa mwezi, na sadaka nyingine huja kwa simu. Hapo swali ni jepesi kuuliza na zito kujibu: namba hiyo ya simu ni ya usharika au ya mtu? Vivyo hivyo na kiwanja. Mji unakua, bei za ardhi zinapanda, na kiwanja kilichonunuliwa kwa michango ya wajane kikiandikwa jina la mzee mmoja mwaminifu, siku atakapofariki warithi wake hawatakuwa na kosa wakikidai. Kwa sababu hiyo mali za kanisa huandikwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa. Katika vijiji vya Kisarawe, mkulima hana mshahara wa mwezi. Korosho na machungwa vina msimu wake, na sadaka hufuata msimu. Bajeti iliyopangwa kana kwamba kila mwezi ni sawa na mwingine itamfanya mtunza hazina wa kijijini aonekane mvivu au mwizi, kumbe mvua ndiyo iliyochelewa.

Hebu fikiri juu ya mtunza hazina wa namna hiyo. Ni usiku wa Jumapili, mtoto wake ana homa kali, na sanduku la sadaka liko chini ya kitanda chake, kwa kuwa benki iko mbali na hakuna aliyepanga mahali pengine. Fedha hazijahesabiwa, wazee walikuwa na haraka. Anachukua kidogo kwa nia ya kurudisha Ijumaa. Ni dhambi, ndiyo. Lakini usharika wote ulishiriki kumwandalia mtego huo, kisha ukauita mtego huo kuaminiana. Kama fedha zingehesabiwa na watu wawili na kuandikwa, angelazimika kugonga mlango wa mzee mwenzake usiku ule na kuomba msaada waziwazi. Na angepaswa kuupata. Wale saba wa Matendo 6 waliwekwa ili wajane wasisahauliwe katika huduma ya kila siku. Utawala wa kanisa na huruma yake vilianza pamoja.

Paulo alilijua jambo hili. Mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu ulikuwa mkubwa, naye alikuwa mtume. Hata hivyo hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kumlaumu, akitafuta yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Ezra naye aliwapimia makuhani 12 fedha na dhahabu kabla ya safari, na huko Yerusalemu vyote vikapimwa tena na uzito ukaandikwa.

Lipo fungu linalopendwa sana na wasiotaka kukaguliwa: 2 Wafalme 12:15, panapoonyesha kwamba waliosimamia mafundi hawakudaiwa hesabu. Lisomwe pamoja na yaliyotangulia. Fedha zile zilikuwa zimehesabiwa na watu wawili kabla ya kuwafikia, na matumizi yake yalionekana ukutani.

Yesu naye aliketi kuelekea sanduku la hazina, akatazama jinsi watu walivyotia. Aliziona senti mbili za mjane, akajua zilikuwa riziki yake yote.

Maswali ya Kujadili:

1. Waadventista hutumia bahasha ya zaka na risiti, na zaka hupelekwa Konferensi. Katika kanisa lenu, nani huwa pamoja na mhazini bahasha zinapofunguliwa? Je, ni hivyo kila Sabato, au ni pale tu mkaguzi anapotarajiwa?

2. Mhazini wenu akipatwa na shida usiku wa leo, atagonga mlango wa nani?