Je, Faida ya Hisa Ni Mali ya Haki?



Jumapili moja, baada ya Misa, kijana mmoja wa Masisi alinifuata kando ya kanisa. Alikuwa ameuza ndama wawili. Hakuwauza kwa kupenda. Alikuwa amechoka kukesha akisikiliza kama watu wenye bunduki wanakuja kuwachukua. Akaniambia: «Mwalimu, binamu yangu anafanya kazi Nairobi. Anasema huko hata mtu mdogo aweza kununua sehemu ya duka kubwa lenye matawi mengi, akapewa faida. Nataka kununua. Lakini mama yangu anasema fedha inayozaa bila jembe ni fedha ya shetani. Je, ni dhambi?»

Nilimjibu upesi na kwa ukali: «Hiyo ni kamari, mdogo wangu. Nunua ndama mwingine.» Akainamisha kichwa, akaenda zake.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilijua kwamba jibu langu halikutoka katika mafundisho ya Kanisa, bali katika kidonda changu mwenyewe. Miaka michache iliyopita watu fulani walitushawishi kwa simu tuweke dola, wakiahidi kwamba zitazaa mara mbili kwa mwezi mmoja. Niliweka fedha ya shule ya watoto. Mwezi wa kwanza nililipwa. Mwezi wa pili simu yao haikuita tena. Mke wangu hakunigombeza. Alinyamaza tu, na ukimya wake uliniuma kuliko maneno. Tangu siku ile niliyaita mambo yote ya namna hii kamari. Lakini mwalimu wa dini asiyepambanua mambo huwadhuru wanaomsikiliza. Basi, tupambanue.

Kwanza, hisa ni nini? Akina mama wa AVEC, vile vyama vyetu vya kuweka na kukopa, wanaijua kuliko wengi waliosoma. Kila wanapokutana, mwanachama hununua sehemu moja, au mbili, hata tano, na kitabu chake hupigwa muhuri. Fedha hutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu mbalimbali. Wanachama hukopeshwa kwa zamu, hurudisha na nyongeza kidogo, na mwisho wa mzunguko kila mtu hupewa kadiri ya sehemu zake. Nani amewahi kumwambia mama huyo kwamba ni mwizi?

Kampuni yenye hisa ni jambo lilo hilo, lakini kubwa. Mali ya duka hugawanywa katika sehemu ndogo nyingi, na kila anayenunua sehemu amekuwa mwenye duka kwa kadiri yake. Kampuni ikiandikwa katika soko la hisa, mwenye sehemu akitaka kutoka humwuzia mtu mwingine, wala duka halivunjwi. Lakini tuangalie vema: hisa si likirimba. Katika likirimba nilichotoa nitarudishiwa zamu yangu ikifika. Katika hisa hakuna mtu mwenye deni kwangu. Duka likistawi, nimestawi nalo; likianguka, nimeanguka nalo.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Mtakatifu Thomas wa Akwino aliishi katika karne ya 13, wakati Kanisa lilipokataza kwa ukali riba juu ya mkopo. Hata hivyo alifundisha kwamba mtu anayemkabidhi mfanyabiashara au fundi fedha yake kwa njia ya ushirika aweza kudai sehemu ya faida kwa haki. Kwa nini? Kwa sababu fedha ile bado ni mali yake, na hatari ya hasara iko juu yake. Naye Papa Benedikto wa 14, alipoandika juu ya riba mwaka 1745, alitenga vilevile mkopo na mapatano mengine yaliyo halali. Anayetaka faida tu huku hasara imwangukie mwenzake, huyo anaonea. Anayekubali faida na hasara pamoja na wenzake ni mshiriki.

Mtu ataniuliza: «Na jasho liko wapi?» Swali hilo ni jema. Fedha ya ndama wale wawili ni jasho la jana: ni miaka ya kuchunga, kukata majani na kulala kwenye baridi ya milima. Lakini katika faida ya duka limo pia jasho la leo la watu wengine: anayepanga bidhaa, anayelinda usiku, mkulima anayeleta maharage na viazi. Papa Pio wa 11, katika barua yake ya mwaka 1931, alitamani wafanyakazi nao wapate sehemu katika umiliki, au katika uongozi, au katika faida. Tena aliwaonya wale wanaojificha nyuma ya jina la kampuni na kutenda maovu ambayo wasingeyatenda kwa jina lao wenyewe. Basi, mwenye hisa asiseme: «Mimi nipo mbali, sijui.» Akichukua sehemu ya faida, amechukua pia sehemu ya wajibu.

Je, si kamari? Katika kamari hakuna kinacholimwa wala kuuzwa. Ninachopata mimi ndicho alichopoteza mwenzangu. Duka huuza unga, sabuni na chumvi, na watu huishi kwa hayo. Kwa hiyo kununua sehemu ya duka si kamari kwa asili yake. Lakini mtu anayenunua asubuhi kwa kusikia uvumi ili auze jioni, bila kujua kampuni inauza nini wala inadaiwa nini, amecheza kamari hata kama amevaa tai.

Sasa niwape mfano wa kweli. Kenya kulianzishwa kampuni ya maduka iitwayo Uchumi mwaka 1975, kwa mtaji wa mashirika ya serikali. Mwaka 1992 hisa zake ziliingia katika soko la Nairobi, na watu wa kawaida wakanunua. Lilikuwa duka la kujivunia. Lakini lilifungua matawi kupita nguvu zake, madeni yakaongezeka, na mwezi wa Juni 2006 milango ikafungwa. Serikali na wadai wakalisaidia, likafunguliwa tena, na mwaka 2011 hisa zake zikarudi sokoni. Watu wakafurahi kama kwa Lazaro. Mwaka 2014 wenye hisa waliombwa kuongeza fedha, nao wakatoa. Mwaka uliofuata mkurugenzi mkuu aliondolewa, na matawi ya Uganda na Tanzania yakafungwa. Rafu zilibaki tupu kwa sababu waliokuwa wakileta bidhaa hawakulipwa. Katika miaka iliyofuata hisa moja ilishuka chini ya shilingi moja ya Kenya.

Tujifunze hapa ugonjwa wa maduka makubwa. Duka huuza kwa fedha taslimu, lakini huchukua bidhaa kwa deni. Kwa hiyo kila jioni sanduku limejaa, na mkubwa wa duka huona kama fedha yote ni yake, kumbe nyingi ni ya mkulima na ya kiwanda. Akiitumia kufungua matawi mapya, siku moja mwenye kuleta maziwa atakataa kuleta. Nakumatt, iliyokuwa na matawi hata Kigali, ilianguka kwa madeni vilevile, ingawa yenyewe haikuwa katika soko la hisa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sanduku la AVEC lina funguo tatu. Kampuni nayo yapasa iwe nazo: wakaguzi wa hesabu, mkutano wa kila mwaka ambamo wenye hisa hupiga kura, na serikali inayosimamia soko. Kule Kenya kazi hiyo ya tatu ni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, iliyoundwa mwaka 1989. Funguo zote tatu zikilala, wezi hawahitaji kuvunja kufuli. Na ufunguo wa pili umo mkononi mwa wenye hisa wenyewe. Wangapi huutumia?

Msiseme kwamba mambo haya ni ya Nairobi tu. Huku kwetu, Walikale, kuna mlima wa Bisie wenye madini ya bati. Kampuni ya Alphamin ilianza kuchimba huko kibiashara mwaka 2019, na hisa zake huuzwa katika masoko ya Kanada na Afrika Kusini. Mwezi wa Machi 2025 vita vilipokaribia, kazi ilisimamishwa, na bei ya hisa zile ikashuka sana. Mwezi wa Aprili kazi ikaanza tena. Tazameni jambo hili: mtu wa Johannesburg, ambaye hajakanyaga tope la Walikale, aliumia siku ile kwa sababu ya risasi za kwetu. Lakini aliona namba tu, wala hakuona mama aliyekimbia na godoro kichwani. Papa Yohane Paulo wa 2 alifundisha mwaka 1991 kwamba kuchagua mahali pa kuweka mali ni daima uchaguzi wa dhamiri. Tukiomba wenye hisa wa mbali watukumbuke sisi, nasi tukinunua hisa tuwakumbuke wale wanaotufanyia kazi.

Basi, kwa yule anayetaka kuanza, nasema hivi.

Moja: lipa kwanza madeni yako, ada ya shule na dawa. Fedha ya hisa ni ile ambayo ikipotea watoto watakula. Wala usiifiche kwa mke wako, au kwa mume wako. Nimejifunza hilo kwa machozi.

Pili: usikope ili ununue. Mwaka 2008 kampuni ya simu Safaricom iliuza hisa zake kwa shilingi 5 kila moja, na wengi Kenya walikopa benki ili wapate. Mwaka uliofuata bei ilishuka hata chini ya shilingi 3. Waliovumilia miaka mingi waliona bei ikipanda mara kadhaa kupita ile ya kwanza. Lakini deni la benki halingojei mtu.

Tatu: soma hesabu za kampuni. Je, inapata faida? Inadaiwa kiasi gani? Inawalipa wanaoiletea bidhaa? Kama huwezi kusoma hesabu, tafuta mtu anayeweza, asiye na faida katika shauri lako.

Nne: ujue njia. Congo yetu haina soko la hisa. La Nairobi lilianzishwa mwaka 1954. Kampala, Dar es Salaam na Kigali nako yapo. Mnunuzi hawezi kuingia sokoni mwenyewe; hupita kwa dalali aliyepewa kibali na serikali. Hakikisha jina la dalali limo katika orodha ya serikali yenyewe, si katika ujumbe wa simu. Dalali atakufungulia akaunti ya hisa kwa jina lako. Atataka kitambulisho au pasipoti, picha, na namba ya akaunti ya benki. Kisha utamwagiza: nunua hisa kadhaa, bei isizidi kadhaa. Utalipa bei pamoja na ujira wake. Nairobi, baada ya siku tatu za kazi, hisa huandikwa kwa jina lako, nawe wapaswa kudai hati inayoonyesha hivyo. Gawio la faida hulipwa kampuni ikipata faida na kuamua kuigawa; mwaka mwingine hakuna kitu.

Tano: pima gharama. Kubadili fedha, kuituma ng'ambo ya mpaka na kumlipa dalali hula sana fedha kidogo. Tena, mwanzoni mwa mwaka 2025 mabenki ya Goma yalifunga milango. Hisa haiibwi usiku kama ng'ombe, lakini nayo ina adui zake, na njia ya kuifikia yaweza kukatika. Usiweke mayai yote katika kikapu kimoja, kiwe cha majani au cha karatasi.

Sita: anayekuahidi faida ya hakika ni mwongo. Mshiriki wa kweli atakuonyesha hasara kabla ya faida. Hii ndiyo alama ambayo mimi sikuitazama, nikapoteza ada ya watoto wangu.

Bwana wetu alisimulia habari za mtumishi aliyefukia talanta ardhini kwa woga, akalaumiwa. Alisimulia pia habari za mtu anayetaka kujenga mnara: yafaa aketi kwanza na kuhesabu gharama. Mimi nilianza kwa kujenga bila kuhesabu. Kisha, nilipoumia, nikataka kila mtu afukie talanta yake. Makosa yote mawili yalikuwa yangu.

Jumapili iliyofuata nilimtafuta yule kijana. Nikamwomba msamaha, naye akacheka kwa haya, kwa maana hajazoea kuombwa msamaha na mwalimu. Tuliketi chini ya mti na mama yake, nikawaeleza yote haya. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza neno moja tu: «Na hao wanaofanya kazi katika duka hilo, wanalipwa?» Kijana hakujua. Mama akasema: «Uliza hilo kwanza.»

Sehemu ya fedha ya ndama imo sasa katika sanduku la AVEC. Iliyobaki ameiweka, na binamu amepewa kazi ya kumtumia hesabu za duka lile. Hajanunua bado. Nami sikumwambia anunue, wala sikumwambia asinunue. Nilimwambia tu kwamba si dhambi kuwa mwenye duka, ila ni dhambi kuwa mwenye duka asiyeuliza.