Mguu Ukiuma, Usiupe Sababu Kabla ya Daktari

David Bloom alikuwa mwandishi wa televisheni ya NBC ya Marekani, mwenye miaka 39 na mabinti watatu. Mwaka 2003 alifuatana na wanajeshi wa nchi yake waliokuwa wakielekea Baghdad, akitangaza moja kwa moja kutoka kwenye gari la jeshi jangwani. Aprili 6 alizidiwa ghafla, akafa. Aliuawa na donge la damu lililoziba mshipa wa mapafu.

Donge hilo lilianzia mguuni, na dalili zilikuwapo. Usiku alilala ndani ya gari lile finyu, magoti yakikaribia kidevu. Alimlalamikia mkewe kwa simu kwamba miguu inamkaza. Inaelezwa pia kuwa madaktari aliozungumza nao kwa simu walishuku damu imeganda, wakamsihi akachunguzwe. Akameza aspirini, akaendelea na kazi. Baada ya kifo ikajulikana kwamba alikuwa na kasoro ya kurithi inayofanya damu igande upesi. Yeye hakuwa na habari nayo.

Ndugu msomaji, tusimhukumu. Maumivu yake yalikuwa na sababu ya wazi: gari lilikuwa finyu. Sisi nasi tunazo za kwetu. Mwalimu husema amesimama mno, fundi cherehani husema ni kukaa, msafiri husema ni basi. Kisha mguu unapakwa mafuta na kuchuliwa, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi, maana kigimbi chenye donge hakifai kukandwa; donge laweza kung'oka.

Tena macho hutudanganya. Tunaogopa mishipa iliyotuna na kujipinda chini ya ngozi, ambayo mara nyingi haina hatari kubwa. Ndani ya mishipa hiyo, vilango vinavyozuia damu isirudi chini vimelegea, damu inatuama. Wengi huhitaji kutembea, kuinua miguu wanapopumzika, na soksi za kubana baada ya kupimwa. Daktari mzuri atakutazama ukiwa umesimama, kwa sababu ukilala mishipa hunywea. Altrasaundi itaonyesha damu inarudi wapi, na kama mishipa ya ndani iko salama. Uamuzi wa sindano, leza au upasuaji utokane na vipimo hivyo pamoja na hali ya mguu, si ukubwa wa mishipa peke yake. Mguu ukiwa mzito na kuvimba kila jioni, ngozi ya karibu na kifundo ikiwa nyeusi na kuwasha, au kidonda kikikataa kupona, tiba inahitajika. Usikubali kuambiwa ni uzee. Mshipa ukipasuka, lala, inua mguu, kandamiza palipopasuka kwa kitambaa safi mpaka upate msaada.

Lakini mguu mmoja ukivimba ghafla, kigimbi kikauma na kuwa cha moto, hata kama hakuna mshipa unaoonekana, hilo ni jambo la siku hiyohiyo. Mwambie daktari kama umesafiri safari ndefu, umelazwa, umefanyiwa upasuaji, u mjamzito au umejifungua karibuni, au katika ukoo wenu kuna aliyewahi kuganda damu. Pumzi ikikatika au kifua kikichoma, usingoje kupambazuke. Waamshe majirani, wakupeleke hospitali usiku huohuo.