Wazo la Leo: Mahari ni ya Bibi Harusi
Huku Bukima, kama kwingi mkoani Mara, mazungumzo ya posa hayakawii kufika kwenye hesabu ya ng'ombe, na mara nyingi ng'ombe hao huishia zizini kwa baba. Ndugu Mwislamu, Qur'ani imeamua vingine. Sura ya An-Nisaa, aya ya 4, inaamuru wanawake wapewe mahari yao kwa moyo mkunjufu. Mwenye mahari si baba, si mjomba wala kaka. Ni bibi harusi. Akipenda kumwachia mumewe sehemu yake, ni hiari yake. Mume akimpa talaka baada ya kuishi naye, aya ya 20 inamkataza kuinyang'anya.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo, katika kifungu cha 56, inampa mke haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza.

Basi mzazi, kabla ya kutaja ng'ombe, muulize binti: Umeridhia ndoa hii? Unataka mahari gani? Kisha mkabidhi chake mkononi. Kula mahari ya binti bila ridhaa yake ni kula mali ya mtu.