Mapafu ya nani ndiyo kipimo?

Kipimo cha spiromita ni pumzi moja: mtu huvuta hewa hadi mapafu yajae, kisha huipuliza yote kwa nguvu. Mashine huandika hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza, na jumla yake. Uwiano wa hizo mbili ukibaki chini ya 0.70 hata baada ya dawa ya kupanua njia za hewa, njia hizo huhesabiwa kuwa zimebana. Uwiano ukiwa mzuri lakini jumla ikawa ndogo, hushukiwa mapafu yaliyosinyaa.

Ndogo kuliko ya nani? Hapo swali la sayansi hugeuka la haki. Mwaka 1851 daktari Mmarekani Samuel Cartwright alitetea utumwa kwa kudai kwamba mapafu ya Weusi ni dhaifu kwa maumbile. Hadi karne hii mashine nyingi zilimshushia Mwafrika kiwango kilichotarajiwa, na ugonjwa ukaweza kupita ukiitwa hali ya kawaida. Milinganyo ya kimataifa ya 2022 iliondoa rangi, ikabakiza umri, jinsia na kimo.

Kwa mfano, huko Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, wanaishi Wahadzabe, Wadatoga, Wairaqw na wakulima wa vitunguu waliotoka kwingineko. Rangi haielezi ni kifua kipi kimekulia kwenye moshi wa kuni, vumbi la shamba au kifua kikuu cha zamani. Tena, wastani wa jamii inayovuta moshi kila siku hauwezi kuitwa afya. Msomaji makini wa majibu huuliza kwanza maisha ya mpimwa, na inapowezekana humlinganisha na pumzi zake mwenyewe za miaka iliyotangulia.