Ngogo na Maji Yake

Wapwa zangu mnaolima mboga Mgeta, kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na mambo ya ardhi na maji mjomba ana neno lake. Leo neno langu ni juu ya samaki aitwaye ngogo.

Mnamjua tangu mkiwa wadogo, wale mliokaa kule chini kwenye mto Ruvu. Hana magamba, ngozi ni utelezi mtupu, lakini mguseni kichwa: kinafunikwa na ngao ya mfupa inayofika hadi kwenye pezi la mgongo. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na ile ya ubavuni ina meno makali. Akishtuka huisimamisha yote na kuifunga kwenye viungo vyake, na hata ukiibana hailali. Anayemmeza akiwa hivyo humkwama kooni. Ukimtoa majini hulia, na sauti hiyo haitoki kinywani: ni shina la mwiba wa ubavuni likisuguana na tundu lake mfupani. Mwenye pupa ya kumnasua wavuni ndiye anayechomwa. Vunjeni kwanza ncha za miiba kwa koleo, ndipo mzitoe nyuzi.

Mchana hujibanza chini ya magogo, kwenye mizizi iliyoning'inia majini na katika mianya ya mawe. Giza likiingia hutoka kupapasa sakafu ya mto kwa sharubu zake, ambazo pia ndizo zinazoonja. Hula viluwiluwi vya wadudu, konokono wadogo, ukoga na mabaki ya majani. Ndugu yake wa Ziwa Tanganyika, yule wa madoadoa, ana hila ya ajabu: hutaga mayai yake katikati ya mayai ya samaki wanaolelea watoto kinywani, mama akayaokota yote pamoja, na watoto wa ngogo wakaanguliwa mapema na kuwala wenzao humo humo. Huyu wetu hana mambo hayo. Yeye anataka mto wenye mawe na vivuli.

Sasa sikilizeni. Ngogo ni samaki wa mto mpana wa chini, huko mlimani mnakolima hamumwoni. Lakini mto Mgeta humwaga maji yake Ruvu, na udongo wa mashamba yenu unashuka nao. Ngao ile inazuia meno, haizuii tope. Tope likijaza mianya ya mawe, wadudu anaowala hawana pa kuishi, naye hana pa kujificha. Mwaka 1955 wazee wetu waligomea matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni. Walikuwa na haki ya kukataa kusukumwa, nami nawatetea hadi leo. Hata hivyo mteremko haujui siasa, na anayelima bila kuzuia udongo anaupeleka mtoni.

La pili ni utupa. Najua bado wapo wanaoutwanga na kuumwaga kwenye madimbwi wakati wa kiangazi. Sumu yake huuzuia mwili wa samaki kutumia hewa, ikaua mkubwa na mtoto, anayeliwa na asiyeliwa, pamoja na wadudu wa majini. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, nami nakataza vilevile.

La tatu ni ukingo wa mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zenye madhara zikae mita 60 kutoka ukingoni. Najua mashamba yetu ni vipande vidogo na mita 60 humaliza shamba la mtu. Basi anzeni kwa kuacha matete na miti ya ukingoni isimame. Bomba la dawa msilisuuze kijitoni: chukueni maji kwa ndoo, suuzeni shambani, maji ya kusuuzia yamwagieni mimea ile ile mliyoipulizia. Maji hayo hayo ya Ruvu yananywewa hadi Dar es Salaam. Na gogo lililoangukia mtoni msilitoe kwa ajili ya kuni, kuni zitafuteni kwingine.