Kumsikiliza Aliyeondoka

Mwaka 1973 Mbaraka Mwinshehe Mwaruka aliiacha Morogoro Jazz, bendi iliyomlea na ambayo naye aliikuza, akaunda bendi yake mwenyewe, Super Volcano. Vijana wa leo wakiisikia habari hiyo huiona ndogo: mwanamuziki kahama, basi. Lakini mimi wakati huo nilikuwa mwalimu kijana niliyepanga chumba Ngamiani, na nakumbuka kwamba kwenye baraza tulipokuwa tukinywa kahawa jioni habari ile ilizungumzwa kwa sauti ya chini, kama watu wanavyozungumzia talaka ya jirani.

Swali lililonisumbua tangu siku zile ni hili: mtu akiwaacha wenzake akafanya kazi kwa jina lake, sisi tunaoisikiliza kazi hiyo mpya tunasikiliza nini hasa? Tunasikiliza wimbo, au tunasikiliza kuondoka kwake?

Kwanza nieleze tulivyokuwa tukisikiliza, maana msomaji kijana anaweza kudhani tulikuwa na albamu nzima mkononi. Hatukuwa nayo. Tulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, kituo ambacho kilizirekodi bendi katika studio yake na kuzirusha kwa ratiba yake. Mwenye uwezo alinunua santuri, zile ndogo za mizunguko 45, zilizokuwa zikitengenezwa Nairobi kwa sababu hapa kwetu hapakuwa na kiwanda cha kuzichapa. Wimbo ukiwa mrefu ulikatwa vipande viwili, upande wa kwanza na wa pili, na katikati palikuwa na kimya cha mtu kuigeuza santuri. Katika kimya hicho ndipo wasikilizaji walipotoa hukumu zao. Mpaka upande wa pili uanze, wimbo ulikuwa umekwisha kuachiwa huru au kufungwa maisha.

Baraza letu lilizifunga maisha santuri za mwanzo za Super Volcano. Mmoja alisema gitaa limeingia kiburi. Mwingine alisema nyimbo zimekuwa ndefu kwa sababu hakuna tena mkubwa wa kumwambia Mbaraka sasa yatosha. Wa tatu, karani wa reli, alidai kwamba wapiga ala wapya wanamfuata Mbaraka kama watoto wanaomfuata baba sokoni, hali wale wa Moro Jazz walitembea naye sambamba. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu na nilipenda kusikika, niliyaunganisha yote hayo nikayapa maneno mazuri. Nilisema kwamba muziki wa bendi ni ushirika, na kwamba anayeutoka ushirika hubaki na ufundi bila roho. Hiyo ilikuwa miaka ya Azimio la Arusha, na hoja ya ushirika haikuwa na mpinzani.

Alikuwapo mzee mmoja fundi cherahani, mwenye gramafoni ya betri, ambaye alikuwa akitusikiliza tu huku akishona. Jioni moja alitoa santuri tatu, akazifunika karatasi za katikati kwa vipande vya kitambaa ili tusisome jina la bendi. Akapiga ya kwanza, akapiga ya pili. Ilipofika ya tatu mimi sikungoja hata upande wa pili. Nilisimama nikasema, "Hapo sasa! Hiyo ndiyo Moro Jazz!" Mzee akakiondoa kitambaa. Ilikuwa Super Volcano.

"Mwalimu, mwanangu," akaniambia, "nilidhani kazi yako ni kusomesha. Kumbe na wewe huwezi kusikia mpaka usome kwanza."

Watu walicheka kwa juma zima. Nami kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hicho kana kwamba kilimaliza mjadala: wapenzi wa Moro Jazz tulikuwa wajinga, yakaisha. Siku hizi sina hakika kwamba kitambaa cha mzee kilithibitisha yote niliyodhani kimethibitisha. Sauti ilikuwa ile ile na vidole vilikuwa vile vile. Ni ajabu gani kama niliwachanganya baba na mwanawe gizani? Kilichothibitika ni kwamba mimi binafsi sikuwa nikisema kweli niliposema nasikia tofauti. Hakikuthibitisha kwamba hapakuwa na kitu kilichopotea.

Maana kipo kilichopotea. Vijana hao walikwenda pamoja hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo mwaka 1970, safari ambayo bendi chache sana za kwetu ziliwahi kuiota. Miaka mitatu baadaye walikuwa makundi mawili. Waliobaki walibaki na jina, na mashabiki wanaouliza kila usiku yule yuko wapi. Mtu akiniambia kwamba hilo lilimuuma, siwezi kumjibu kwa kumpigia santuri.

Lakini ipo na kweli ya upande wa pili. Katika bendi zetu za wakati ule vyombo kwa kawaida vilikuwa mali ya klabu au ya mwenye bendi. Mpiga gitaa anayeondoka huondoka na vidole vyake. Sisi tulimwona aliyeondoka kuwa ndiye aliyechukua, na waliobaki kuwa ndio walionyang'anywa, wala hapana hata mmoja wetu aliyekaa akapiga hesabu ni nani hasa aliyeanza upya mikono mitupu. Sababu za kuondoka kwake tulizitunga wenyewe pale barazani, kila jioni na yake, na ile iliyopendeza zaidi ndiyo iliyoaminiwa.

Jambo jingine linalonifanya nitilie shaka haki yetu ni kwamba kuondoka kwenyewe hakukutuudhi siku zote. Shakila, yule aliyezaliwa Pangani, aliimba taarabu na Black Star hapa Tanga, kisha akaimba na Lucky Star. Sikumbuki mtu yeyote wa baraza letu aliyemnyima sikio kwa hilo. Akina mama wa mtaani walikuwa na maneno yao, ni kweli, lakini sauti yake hawakuisusa. Kwa nini? Nafikiri ni kwa sababu alihama nyumba bila kuhama mtaa. Alikuwa bado wetu. Kumbe tulichokitetea kwa Moro Jazz tukikiita ushirika, pengine kilikuwa mazoea tu: tulikuwa tumemzoea Mbaraka akiwa mahali fulani, tukachukia kusumbuliwa.

Na wala hili si la waswahili peke yao. Mwezi Aprili 1970 Paul McCartney wa kundi la Beatles alitoa santuri yake ya kwanza ya peke yake, ikiitwa kwa jina lake. Sehemu kubwa aliirekodi nyumbani, akizipiga ala zote mwenyewe, mkewe Linda akimsaidia kuimba. Pamoja na santuri alitoa karatasi ya maswali na majibu iliyoonyesha kwamba hana mpango wa kufanya kazi tena na wenzake, na magazeti yakatangaza kwamba amelivunja kundi. Watu walinunua kwa wingi, lakini wahakiki wengi waliiona kazi ya ovyo ovyo, isiyokamilika, ya mtu aliyeringa akatoka. Baadaye ikajulikana kwamba John Lennon alikuwa amewaambia wenzake faraghani tangu Septemba 1969 kwamba yeye anaondoka. Yule aliyelaaniwa kwa kutangulia kutoka hakutangulia. Miaka ikapita, hasira zikapoa, na ile ile kazi ya nyumbani iliyodharauliwa sasa ina wapenzi wengi wanaoisifu kwa sababu ya unyumbani wake. Santuri haikubadilika hata mkwaruzo mmoja.

Mjukuu wangu aliniwekea nyimbo hizo kwenye simu yake. Yeye hajui nani alimwacha nani, na nilimwomba asiniulize. Alisikiliza akasema, "Babu, nzuri, ila hizi nyingine ni kama mtu anajaribisha gitaa." Nilifurahi sana, maana ni maneno yale yale ya wahakiki wa 1970, lakini hayana chuki ndani yake. Mtoto huyu ameukosoa wimbo na hajamwadhibu mtu. Nikajua basi kwamba kosa letu halikuwa kusema kazi ya Super Volcano ina upungufu. Huenda ilikuwa nao. Kazi ya mwanzo ya mtu yeyote huwa nao. Kosa lilikuwa kwamba tulikuwa tumeumizwa na jambo moja tukadai fidia katika jambo jingine.

Mbaraka alifariki dunia Januari 1979 baada ya ajali ya gari huko Mombasa, akiwa bado hajafika miaka thelathini na mitano. Redio ilimpiga siku ile, za Moro Jazz na za Super Volcano bila kubagua, na "Shida" ikasikika kutoka kila dirisha la barabara yetu. Barazani hakuna aliyesema hii ni ya bendi gani. Karani wa reli alilia. Mimi nilitazama chini, kwa kuwa nilikuwa nimetumia miaka sita nikimsikiliza mtu huyu kama hakimu, na sasa hapakuwa na upande wa pili wa kugeuza.

Mtu angedhani nilijifunza. Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na nilikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu niliyemtegemea kuliko wote. Akaomba uhamisho. Alitaka kwenda kusaidia kuanzisha shule katika kijiji kimoja upande wa Pongwe, mahali palipokuwa na darasa moja na mwembe. Sikumwambia kwamba nimeumia. Nilimtakia heri mbele ya walimu wenzake, kisha nikaingia ofisini nikajaza taarifa yake ya siri. Nikaandika kwamba ufundishaji wake umeshuka na kwamba hana ushirikiano. Neno hilo, ushirikiano, niliandika kwa mkono uliotulia kabisa. Uhamisho wake ulikwama mwaka mzima.

Kwa miaka nilijiambia kwamba yale yalikuwa maoni ya kitaalamu, na kwamba kwa kweli masomo yake ya miezi ile yalikuwa yamepoa. Yalikuwa yamepoa tangu lini? Tangu siku aliponiletea barua ya maombi.

Nilipostaafu nilimtafuta. Naye alikuwa amestaafu, anauza vifaa vya shule karibu na soko. Aliniamkia shikamoo kama alivyoniamkia miaka yote tulipokutana njiani, akaniletea kiti. Nilimweleza nilichoandika. Alisikiliza mpaka mwisho huku akifunga madaftari kwa kamba.

"Nilijua, Mwalimu Mkuu," akasema. "Nilisomewa mwaka ule ule."

Nikamwomba msamaha, akasema amekwisha kusamehe zamani, na nadhani alisema kweli, kwa kuwa hakuna alichopunguza katika heshima yake. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Alitaka kujua kama katika miaka ile kumi na minane aliyokaa kijijini niliwahi kupita hata siku moja kuitazama ile shule, kumwona akifundisha.

Kutoka Ngamiani hadi kule ni mwendo wa basi usiotimiza saa moja. Nilimjibu kwamba sikuwahi.