Dhiraa Saba za Njia

Siku ya kuseti msingi, fundi wa Singida huanza na kamba. Anaivuta toka bikoni hadi bikoni, anapigilia vigingi, kisha anatafuta kona: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na ikiwa mshazari unasoma mita 5, kona imekaa. Anamwaga majivu kufuata kamba, na ule mstari unaobaki chini ndio nyumba. Mpaka hapo jengo bado linaweza kusogezwa bila gharama yoyote, na ndiyo saa ya kumuuliza mwenye kiwanja swali ambalo ramani hailiulizi. Nyumba hii, na njia ya gari inayotoka getini mpaka mlangoni, zinamdai nini mbele ya Mungu na mbele ya watu?

Wengi hulimaliza swali hilo kwa kutazama pande za dunia. Kwa mtu wa Singida, Makka iko karibu kaskazini kabisa, imepinda nyuzi 11 hivi tu kuelekea mashariki, kwa hiyo Muislamu anamwagiza fundi choo kisielekee huko wala kukipa kibla mgongo. Ni adabu njema, yenye msingi katika hadithi sahihi. Hata hivyo, wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, walitofautisha kati ya uwanja wazi na ndani ya jengo, na ndani ya kuta katazo likalegezwa. Wakristo nao walizoea tangu kale kuelekeza madhabahu mashariki, lakini makanisa mengi ya leo yamekaa jinsi kiwanja na barabara vilivyoruhusu, na ibada inaendelea.

Likija suala la mpaka, ulegevu huo unakwisha.

Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inasema kwamba anayedhulumu ardhi, hata kiasi cha shubiri, atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Kumbukumbu la Torati, sura ya 27, inamlaani anayesogeza mpaka wa jirani yake, na Isaya, katika sura ya 5, anawalilia ole wanaounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, mpaka wenzao wakose mahali. Kuhusu njia, Mtume Muhammad alitoa hata kipimo: watu wakihitilafiana, iwe dhiraa saba. Dhiraa ni urefu wa toka kiwiko hadi ncha ya kidole, hivyo saba ni mita 3 na ushee, yaani gari lipite na mwenda kwa miguu apate pa kujibanza. Ukisoma pia aya ya 177 ya Surat al-Baqara, inayoweka wema katika imani na katika kuwapa jamaa, yatima, maskini na msafiri, badala ya kugeuza nyuso mashariki au magharibi, unaona uzito umewekwa wapi.

Mwelekeo nao una kazi yake. Singida iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua la Juni linaegemea kaskazini, la Desemba kusini, na mwaka mzima linachoma kuta za magharibi kila alasiri. Kuta ndefu zikitazama kaskazini na kusini, vyumba vinapoa. Lakini upepo wa huku, uleule uliofanya mkoa utajwe kwa miaka mingi kuwa mahali pa mitambo ya umeme wa upepo, huvuma zaidi kutoka mashariki. Jiko na choo vikiwekwa upande wa magharibi, mwenye nyumba anapumua vizuri, na moshi na harufu vinakwenda kwa jirani.

Wazee wa Kinyaturu na Kinyiramba walijenga tembe: nyumba fupi, yenye paa bapa la miti na udongo ambalo upepo hauling'oi. Zizi lilikuwa hapohapo, na samadi ilirutubisha mashamba yaliyoizunguka nyumba. Mahali pa nyumba paliamuliwa na ng'ombe, shamba na makaburi ya waliotangulia. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wamehamia vijiji vya pamoja, na Operesheni Vijiji ikapanga nyumba kwa mistari kando ya barabara. Nia ilikuwa kuwasogezea watu shule, zahanati na maji, na ilikuwa nia njema. Ila mashamba yaliyolishwa samadi kwa miaka yalibaki mbali, na makaburi pia. Kumgeuzia mtu nyumba yake bila kumuuliza ni dhuluma hata pale huduma zinapomfikia, na haifai kulifunika hilo.

Leo anayeamua ni mwenye hati, na yeye husema: nimenunua, nimepimiwa, nifanye nipendavyo. Sheria za ardhi za 1999, Na. 4 na Na. 5, hazisemi hivyo. Ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na raia anapewa haki ya kuitumia, mara nyingi kwa muda usiozidi miaka 99. Muumini atatambua hapo kitu anachokifahamu tayari: amana. Hata Mwingereza John Locke, mtetezi mkubwa wa mali binafsi wa karne ya 17, aliweka sharti kwamba anayejitwalia ardhi awaachie wengine ya kutosha na nzuri vilevile.

Sharti hilo linapimwa kwa maji. Bati la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 40 linamwaga lita 4,800. Njia ya gari ya zege, mita 3 kwa 20, inaongeza lita 2,400. Zamani udongo ungefyonza sehemu kubwa ya maji hayo. Sasa yanateremka na mwinuko mpaka kwenye msingi wa mtu wa chini, ambaye huenda bado anajenga kwa tofali za udongo.

Basi wanaoita sheikh au padri kuombea msingi wafanye hivyo, ni jambo jema. Ila siku hiyo jirani wa upande wa bondeni awepo, aonyeshwe maji yatapita wapi na gari litageuzia wapi, na akiwa na neno lisikilizwe kabla zege halijamwagwa.